Muungano wa Kushoto Utapita Sangailu?

Tangu vijana waingie barabarani Juni 2024 na kumlazimisha Rais William Ruto aukatae Mswada wa Fedha, watu wa mrengo wa kushoto nchini Kenya wamekuwa wakiulizana swali moja: nani atapeperusha bendera mwaka 2027? Boniface Mwangi, mpiga picha aliyegeuka mwanaharakati, alitangaza Agosti 2025 kwamba atawania urais. Jaji Mkuu mstaafu David Maraga naye anakitaka kiti hicho kupitia chama cha United Green Movement. Vikundi vya kisoshalisti na vituo vya haki za kijamii vya mitaa ya Nairobi vimekuwa vikizungumzia kuingia uchaguzini chini ya mwavuli mmoja. Mazungumzo hayo yana maana, ila swali linaloyaongoza limetangulizwa kabla ya wakati wake. Mpeperusha bendera ni jambo la mwisho kuamuliwa. La kwanza ni kujua bendera hiyo itasimikwa wapi nje ya Nairobi, na wanaoitwa waifuate watapata nini. Njia moja ya kulipima hilo ni kuchukua mahali ambapo mrengo wa kushoto haujawahi kushinda kiti, kisha kuuliza muungano mpya ungemwambia nini mpiga kura wa huko. Mimi nachagua wadi ya Sangailu.

Sangailu ni mojawapo ya wadi nne za eneo bunge la Ijara, kusini mwa Kaunti ya Garissa; nyingine ni Hulugho, Ijara na Masalani. Masalani iko karibu na Mto Tana. Sangailu iko mbali na mto huo, upande wa mpaka wa Somalia na msitu wa Boni. Wengi wa wakazi ni Wasomali wafugaji wa ng'ombe, na kando ya msitu wako Waboni, ambao maisha yao yalitegemea asali na mawindo hadi sheria za wanyamapori, na baadaye vita dhidi ya Al-Shabaab, zilipowabana. Maji ni ya mabwawa ya kuchimbwa yanayojaa mvua inaponyesha, na mvua hiyohiyo ndiyo inayoifunga barabara ya udongo. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulipitiliza misimu mitano ya mvua na kuua zaidi ya mifugo milioni mbili katika kaunti kame za Kenya. Mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko.

Kwa msomaji ambaye maneno haya ni ya magazetini tu, mrengo wa kushoto ni wale wanaosema kwamba maji, ardhi, shule na hospitali ni haki ya wote kabla ya kuwa biashara ya mtu, kwamba mwenye nacho alipe kodi zaidi ya asiye nacho, na kwamba anayefanya kazi awe na usemi juu ya kazi hiyo. Ukiyaeleza hivyo, Sangailu ingeonekana kuwa ngome yao ya asili, maana hapa kila kimoja kati ya vitu hivyo kinakosekana au kinauzwa ghali. Hata hivyo mrengo huo hauna mizizi hapa, na sababu si ujinga wa wapiga kura kama wanavyodokeza baadhi ya wasomi wa mjini. Iko katika historia, na historia yenyewe haiwapendezi wanaojiita wa kushoto.

Serikali ya kwanza ya Kenya huru ilijinadi kwa ujamaa. Waraka Nambari 10 wa 1965, ulioandaliwa chini ya Waziri wa Mipango Tom Mboya, ulibeba jina la ujamaa wa Kiafrika na ukawa mwongozo wa uchumi kwa miaka mingi. Ndani yake mlikuwa na uamuzi mmoja uliogawa nchi: fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye maeneo yatakayozizalisha haraka, yaani yenye mvua, udongo mzuri, barabara na umeme. Maeneo mengine yangengoja faida hiyo iwafikie. Kaskazini Mashariki, iliko Garissa, haikuwa na mvua, haikuwa na barabara, na umeme haukutajwa. Mchumi Barack Obama, baba wa rais wa baadaye wa Marekani, aliukosoa waraka huo mwaka huohuo kwa kutogusa vya kutosha namna mali inavyojikusanya mikononi mwa wachache. Ukosoaji wake ulikuwa wa haki. Lakini mfugaji wa Ijara alikuwa na lalamiko la kwanza zaidi: alikuwa amewekwa nje ya hesabu, na aliyemtoa alisema anafanya hivyo kwa jina la usawa.

Lililotangulia waraka huo ni zito zaidi. Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Uingereza iligundua kwamba wengi katika maeneo ya Wasomali ya wilaya ya mpaka wa kaskazini walitaka kujiunga na Somalia. Matakwa yao hayakufuatwa, nao wakasusia uchaguzi wa 1963. Tarehe 28 Desemba 1963, siku 16 baada ya uhuru, hali ya hatari ikatangazwa, na vita vilivyoitwa vya shifta vikaendelea hadi 1967. Watu walikusanywa kwenye kambi na mifugo ikaisha. Sheria za hali ya hatari zilibaki hadi 1991, na chini ya kivuli chake yakatokea mauaji ya Bulla Kartasi mjini Garissa mwaka 1980 na ya Wagalla, Wajir, Februari 1984. Sasa lipo jambo ambalo mikutano ya mrengo wa kushoto hupenda kulipita kimyakimya. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati hali hiyo ilipotangazwa alikuwa Jaramogi Oginga Odinga, yuleyule anayehesabiwa kuwa baba wa siasa za kushoto nchini. Alipoachana na Rais Kenyatta mwaka 1966 na kuunda KPU pamoja na kina Bildad Kaggia, chama hicho kilipigania wasio na ardhi, na hoja yake ilikuwa mashamba ya walowezi. Katika uchaguzi mdogo wa mwaka huo KPU kilipata viti 9 kati ya 29, ingawa kwenye Baraza la Wawakilishi kura zake zilizidi za chama tawala cha KANU. Mwaka 1969 kikapigwa marufuku. Mfugaji, ambaye ardhi yake haikuwa na hati wala mlowezi wa kufukuzwa, hakuwa na nafasi kubwa katika hoja hiyo. Kwa hiyo muungano wowote wa kushoto unaoingia Garissa na picha ya Jaramogi ukutani unapaswa kujua kwamba anayeitazama anaweza kukumbuka jambo tofauti.

Historia ya pili ni ya miungano yenyewe. Mwaka 1992 FORD, muungano wa upinzani, ilikuwa na nafasi ya kumwondoa Rais Daniel arap Moi. Ikagawanyika kuwa FORD-Kenya na FORD-Asili, kila upande na mgombea wake, na Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 ya kura huku zaidi ya asilimia 60 wakiwa wamempinga. Miaka kumi baadaye muungano wa NARC ukafanya lililoshindikana. Mwai Kibaki alipata karibu asilimia 62, na Januari 2003 elimu ya msingi ikawa ya bure, hatua iliyomfikia hata mtoto wa mfugaji. Ila NARC ilikuwa imefungwa kwa mkataba wa kugawana vyeo ambao upande mmoja ulisema haukuheshimiwa, na kufikia kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005 nyumba ilikuwa imevunjika. Katika uchaguzi huohuo wa 2002 James Orengo alisimama peke yake kwa tiketi ya SDP, akiwa na sera za kushoto zilizo wazi kuliko za wote, na hakufikisha hata asilimia moja. Chama hicho baadaye kilibadili jina kuwa Chama cha Kikomunisti cha Kenya. Mwaka 2022 uongozi wake chini ya Mwandawiro Mghanga ukaingia Kenya Kwanza, muungano wa William Ruto, na wanachama wake wakagawanyika. Mkomunisti ndani ya kambi ya mabwanyenye ni kichekesho, lakini walioingia walikuwa na hoja yao: peke yako hupati kitu.

Hoja hiyo ndiyo inayowafunga watu wa kushoto kila baada ya miaka mitano. Wakisimama peke yao wanabaki safi na wanapata kura za marafiki. Wakijiunga na wakubwa wanapata ofisi na kumezwa. Majirani zetu wa Tanzania walionja aina nyingine ya mtego huo mwaka 2015. UKAWA, muungano wa CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, ulizaliwa kutokana na madai ya katiba mpya, dai lililoeleweka na kila mtu. Edward Lowassa alipoihama CCM katikati ya mwaka akafanywa mgombea. Akapata karibu asilimia 40, kiwango ambacho upinzani haukuwahi kukifikia, na mwaka 2019 akarudi CCM. Kura zilipatikana, ila dai lililouzaa muungano lilisahaulika njiani. Mgombea akitangulia, madai humfuata anakokwenda.

Turudi Ijara tuone siasa za huko zinavyokwenda kwa kweli. Nathif Jama alichaguliwa gavana wa kwanza wa Garissa mwaka 2013 kwa tiketi ya Wiper. Mwaka 2017 Ali Korane akamshinda akiwa na Jubilee. Mwaka 2022 Nathif akarudi, safari hii kwa ODM. Sophia Abdi Noor, aliyekuwa mbunge wa kuteuliwa wa ODM, aliibeba Ijara mwaka 2017 kwa chama cha PDR na kuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge wa eneo bunge Kaskazini Mashariki, baada ya miaka ya kupingwa na baadhi ya wazee na viongozi wa dini. Kwa siasa za hapa chama ni lori la kukodi: linapakiwa, linafika, linaachwa. Kinachoamua ni makubaliano ya koo, yale wanayoyaita demokrasia ya maafikiano. Wazee wa Abudwak, Aulihan na Abdalla huhesabu nani alishika nini mara ya mwisho, na ndani ya kila ukoo matawi huhesabiana vivyo hivyo hadi ngazi ya wadi.

Hapo ndipo linapotokea pingamizi la kwanza, nalo ni kubwa: kwamba ukoo ni mzito kuliko tabaka, na anayehubiri tabaka Sangailu anajisemesha. Nakubali nusu yake. Ukoo una nguvu kwa sababu unafanya kazi ambayo serikali haikuifanya. Ng'ombe wakifa, ukoo ndio unaomkopesha mtu ndama. Mtu akiuawa, ukoo ndio unaolipa diya, fidia ya damu. Mwanafunzi akipata nafasi chuoni, ukoo ndio unaochanga. Nani atakiacha chombo hicho kwa ahadi ya chama kilichosajiliwa jana? Lakini kusema ukoo una nguvu si kusema ndani yake hakuna mwenye kula na mwenye kuliwa.

Tazama maji wakati wa kiangazi. Bwawa likikauka, serikali ya kaunti au shirika la misaada hulipa malori ya kuleta maji. Lori lina mwenyewe, naye analipwa kwa kila safari. Dizeli ina muuzaji wake. Zabuni ina aliyeitoa na aliyeipata. Maji yanamwagwa kwenye tangi la kijiji, na foleni ya mitungi ya lita 20 inaanza, wanawake na watoto wakingoja zamu. Lori lisipofika, anayeweza kulipa hununua kwa muuzaji binafsi, na asiyeweza hutembea. Wakati huohuo bei ya ng'ombe aliyekonda inaanguka na bei ya unga inapanda, hivyo familia inauza wanyama wengi zaidi ili ipate chakula kilekile. Dalali anayewanunua porini na kuwafikisha soko la Garissa, lililo miongoni mwa masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki, ana nafasi ya kungoja bei, mchungaji hana. Mwenye lori, dalali, mchungaji na mama wa mtungi wanaweza kuwa wa ukoo mmoja, hata wa ukoo wa gavana. Ukame mmoja umewatajirisha wawili na kuwafukarisha wawili. Hilo ndilo tabaka, na kila mtu wa Sangailu analijua bila kuletewa kitabu. Bwawa lenye kina, lililofukuliwa tope kabla ya mvua, lingeifuta sehemu kubwa ya biashara ya malori. Ndiyo maana swali la kwa nini bwawa halifukuliwi ni swali la kisiasa.

Muungano wa kushoto unaofika na dai la aina hiyo hauhitaji kuvunja ukoo. Unahitaji kuwapa wazee jambo jipya la kuafikiana. Maafikiano ya koo yanagawana viti kwa ustadi mkubwa. Hayasemi kiti kitafanya nini. Mgombea wa wadi anaweza kuteuliwa na wazee na bado akatia saini hadharani orodha fupi ya wajibu: bajeti ya mabwawa isomwe msikitini na barazani kila mwaka, zabuni za malori zitangazwe majina, kamati ya maji iwe na wanawake kwa sababu ndio wanaochota, na Waboni wawe na kiti kwenye kamati za ardhi. Hili la ardhi lina haraka yake. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 iliwapa wenyeji njia ya kuisajili ardhi iliyokuwa chini ya udhamini wa mabaraza ya kaunti, lakini usajili unakwenda polepole, na ukanda wa usafirishaji wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu Machi 2012, umepangwa kupita Ijara ukielekea Garissa na Isiolo. Barabara kubwa ikitangulia hati, ardhi itapata wenyewe wengine.

Pingamizi la pili ni la dini. Wasemao hivi hawabuni. Ng'ambo ya mpaka, Siad Barre alichukua madaraka Oktoba 1969 na mwaka uliofuata akatangaza usoshalisti wa kisayansi. Januari 1975 masheikh kumi waliopinga sheria yake mpya ya familia waliuawa kwa kupigwa risasi. Katika nyumba za Kisomali kumbukumbu hiyo haijafutika, na serikali ileile ilipoporomoka 1991 wakimbizi wake wakaijaza Dadaab, katika kaunti hiihii ya Garissa. Anayejibu kwamba ule haukuwa usoshalisti wa kweli anakwepa. Jibu la haki lina pande mbili. Serikali ya Barre pia ndiyo iliyokipa Kisomali mwandiko rasmi mwaka 1972 na kuwapeleka wanafunzi vijijini kuwafundisha wafugaji kusoma, jambo ambalo hakuna serikali ya Kenya iliyolifanya kwa bidii hiyo upande huu. Na kilichowaua masheikh ni utawala wa mtu mmoja usioweza kuulizwa, ambao Kaskazini Mashariki iliuonja pia chini ya serikali ya Kenya isiyokuwa na chembe ya usoshalisti. Muungano usioweza kusema wazi kwamba dini za watu si adui wake, na kwamba viongozi wake wataweza kuondolewa kwa kura, usijisumbue kufunga safari. Zaka, wakfu na kisima cha wote ni mambo ambayo Mwislamu wa Sangailu anayo tayari. Hayahitaji kupewa jina jipya na mgeni.

Jaribio gumu zaidi, nadhani, ni lile la walimu, kwa sababu ndipo watu wawili wa kushoto wanapogombana. Novemba 2014 basi lilishambuliwa Mandera na watu 28 wakauawa, walimu wakiwamo. Aprili 2, 2015 wanafunzi na wengine, jumla ya watu 148, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na TSC, tume inayowaajiri walimu, ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti hizi. Chama cha walimu cha KNUT kilisema mwanachama hawezi kulazimishwa kufundisha anapowindwa. Wazazi na wabunge wa eneo wakasema watoto wao wameadhibiwa kwa uhalifu ambao hata wao ni wahanga wake. Nani wa kushoto hapo? Wote. Mfanyakazi ana haki ya usalama kazini, na mtoto wa maskini ana haki ya shule ya umma. Muungano unaokusanya vyama vya wafanyakazi wa mijini na wapiga kura wa Ijara utalipata suala hili mezani siku ya kwanza, na hauwezi kulifunika kwa wimbo wa mshikamano. Suluhu yake inajulikana na ina gharama: kuwasomesha na kuwaajiri vijana wa huko kwa wingi, kuwakubali kwa masharti yanayozingatia shule duni walizotokea, kujenga nyumba za walimu ndani ya ua wa shule, na kuwalipa walinzi wa akiba mshahara wa kweli. KNUT ingelazimika kukubali mlango tofauti wa kuajiriwa. Wanasiasa wa eneo wangelazimika kuacha kugawa nafasi hizo kwa jamaa. Wakiliafikia hilo kwa maandishi, hapo ndipo nitakaposadiki kwamba umoja upo. Miungano mingi ya Nairobi huafikiana juu ya mambo ambayo hayamgharimu yeyote kati yao.

Wako watakaosema haya yote ni mengi kwa kura chache. Kwa kura tu, wana hoja: daftari la Garissa lilikuwa na wapiga kura wapatao laki mbili mwaka 2022, chini ya asilimia moja ya milioni 22 wa nchi nzima. Lakini pengo kati ya Ruto na Raila Odinga mwaka huo lilikuwa takriban kura 233,000. Katiba inamtaka rais apate asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24, na katika sharti hilo Garissa ina uzito sawasawa na Kiambu. Sheria ya Vyama vya Siasa nayo haisajili chama kikamilifu bila wanachama elfu moja katika kila kaunti kati ya 24. Chama kinachoishi Nairobi, Kisumu na Mombasa hakitoshi hata kwa msajili. Isitoshe, kiti cha mwakilishi wa wadi kinapatikana kwa kura chache kwenye wadi kama Sangailu, na anayekishika anaingia bunge la kaunti linalopitisha bajeti ya yale mabwawa. Kwa chama maskini, hicho ni kiti cha bei nafuu kuliko urais, na kazi yake inaonekana kwa macho.

Uruguay inatoa mfano wa mwendo huo. Frente Amplio iliundwa Februari 1971 ikiunganisha wakomunisti, wasoshalisti, Wakristo wa kidemokrasia na wengineo, na ikajijenga kwa kamati za mitaa ambazo mtu aliweza kuziingia bila kuwa mwanachama wa chama chochote ndani yake. Katika uchaguzi wake wa kwanza iliambulia chini ya asilimia 20. Udikteta ulioanza 1973 ukaipiga marufuku na kuwafunga viongozi wake. Iliporudi, ilishinda kwanza jiji la Montevideo mwaka 1989, na watu wakaona inavyoendesha mabasi na takataka, kabla ya kushinda nchi mwaka 2004. Wafaransa walikwenda kinyume: Juni 2024 vyama vya kushoto viliungana ndani ya siku chache, vikaachiana maeneo ya uchaguzi na kuibuka na viti vingi kuliko kambi nyingine yoyote. Kisha, bila kuwa na wingi wa kutosha, vikaanza kuvutana. Walijua wanamzuia nani; hawakuwa wamekubaliana vya kutosha wanakwenda wapi. Mjini Garissa hakuna haja ya kuiga wala huyu wala yule, lakini tofauti ya mwendo inastahili kutazamwa.

Linabaki pingamizi la wazee wenyewe, ambalo ni la busara: kaa na serikali, maana ndiyo yenye mkoba. Tangu ODM itie saini makubaliano na Ruto Machi 2025, gavana wa Garissa na chama chake wako karibu na mkoba huo, na kifo cha Raila Odinga mwezi Oktoba mwaka huo kimeiacha ODM ikitafuta njia yake. Na ni kweli kwamba Februari 2025 rais alifuta utaratibu wa kuwapiga msasa Wasomali wanaoomba vitambulisho, unyanyasaji uliodumu kwa miongo. Muungano wa kushoto usione aibu kumpongeza kwa hilo. Ila tendo la hisani linaweza kurudishwa na aliyelitoa, na kilichoandikwa kwenye Katiba ni kigumu kurudisha. Mfano uko karibu. Ibara ya 204 iliunda mfuko wa usawazishaji, nusu ya asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, Garissa ikiwa mojawapo. Kwa miaka mingi fedha hizo zilikwama kati ya Hazina, kanuni na mahakama, na serikali zilizokaa na wabunge wa Kaskazini Mashariki mezani hazikusukuma zitoke.

Mfuko huo umewekewa uhai wa miaka 20 tangu Agosti 2010. Bunge litakalochaguliwa Agosti 10, 2027 ndilo litakalokuwa kazini utakapofikia ukomo, na Katiba inaliruhusu kuuongezea muda kwa kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote, pamoja na zaidi ya nusu ya ujumbe wa kaunti katika Seneti. Wabunge ni 349, hivyo zinahitajika kura 175, na kaunti 24. Muungano wa kushoto ambao hautaukaribia urais unaweza bado kuwa na wabunge kumi au kumi na watano ambao kura zao zinahitajika siku hiyo, endapo utawapata kwa ahadi hiyo, wa Ijara na wa mtaa wa Mathare, Nairobi, wakiwa wameitia saini karatasi moja kabla mgombea urais hajatajwa.